Al-Hamdu Tatu Chini ya Maji

Salima wangu,

Najua utaipasua bahasha hii ukitafuta karatasi, wala si barua. Nakujua. Karatasi imo, usihangaike, ila nimeikunja ndani kabisa ili ukutane na mimi kwanza. Kama nimeisinya, nimeitia saini yangu, au sikuisinya, utaona ukifika huko. Ukitaka kuniruka, ruka. Mimi mwenyewe ni bingwa wa kuruka maneno, na hilo ndilo ninalotaka kukueleza. Lakini nakuomba, mama, soma kwa mpangilio.

Ni baada ya asiri. Nimefunga atelye yangu ya matairi mapema, wateja wawili wameniacha na pine zao na matusi yao. Wewe umeenda kusukwa nywele, na mama yako anakaanga visamaki vya sambaza vya safari, harufu imefika mpaka hapa kwenye pipa la maji ninalopimia pine. Mambo ya sabuni, ya shuka, ya kutokula vya njiani, na ya kutomwachia mtu begi lako garini, atakwambia yeye, na atakwambia mara tatu. Sina la kuongeza huko. Mimi nina langu moja tu, na nimelikalia miaka saba.

Wiki mbili zilizopita uliingia hapa unakimbia, umeshika karatasi ya mafunzo ya uzamiaji ya Gisenyi juu kama bendera. Ulisema, "Papa, banikubali! Batanifundisha kuzamia na chupa ya hewa. Inabakia tu wewe kusinya." Nilikuwa natoa msumari kwenye pine ya kamio, lori la simenti. Sikuinua hata kichwa. Nikasema hapana. Ukauliza kwa nini. Nikasema, kwa sababu nimesema. Jibu gani hilo? Hilo ni jibu la mtu asiye na jibu. Tangu siku ile unanisalimia kwa adabu ya mgeni, unaweka chai yangu mezani na kuondoka. Na nilikusikia nyuma ya mlango ukimwambia mama yako, "Papa anawaza ni kazi ya banaume." Siyo hivyo, Salima. Wallahi siyo hivyo. Bila mkono wangu hawakupokei, kwa kuwa hujafika miaka ishirini na moja, nami nilijua hivyo. Nilishika mlango kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nilishika sababu nisiyotaka uione.

Basi ngoja nianze mbali, kule nilikokuwa na raha.

Tulipokuwa watoto wa chuo cha Kurani hapa Kamembe, Alhamisi mwalimu alitufungulia mapema. Tulikuwa saba au nane, kanzu tumezikunja kwapani, tunateremka mbio mpaka Cyangugu, kwenye mawe yale ya chini ya gati. Wewe umelikuta ziwa limeshajaa askari na habari. Sisi tulilikuta ni letu. Maji yalikuwa safi, ukitupa jiwe jeupe unaliona likishuka mpaka unachoka kuliangalia. Ng'ambo ile Bukavu imejilaza na peninsula zake, na wavuvi wa sambaza wanarudi mitumbwi mitatu mitatu wakiimba, na sisi tunawajibu kwa nyimbo ambazo mama zetu wangetukata masikio kama wangezisikia.

Mchezo wetu ulikuwa mmoja. Mtu anazama, anashika jiwe huko chini asije akaelea, na sisi tulio juu tunamhesabia. Saa ya mkononi nani alikuwa nayo? Tulihesabu kwa sura ya Al-Hamdu. Tunasoma wote pamoja, kwa mwendo wa mwalimu, bila haraka. Aliyeharakisha ili kumsaidia rafiki yake alipigwa ngumi ya mgongo. Al-Hamdu moja ilikuwa ya watoto wote. Aliyefika mbili alikuwa mwanaume. Na baba yako mdogo Amrani, mdogo wangu kwa miaka mitano, mwembamba kama kijiti cha mshikaki, yeye alikaa tatu. Tatu! Tulikuwa tunafika "amina" ya tatu sauti zinatetemeka, mmoja ameshaanza kulia kwamba Amrani amekufa, ndipo kichwa kinatoka, macho mekundu, anacheka.

Jina likamshika, Al-Hamdu Tatu. Hata wamama wa soko walimwita hivyo. Habari zikamfikia mwalimu, akatuchapa wote fimbo za kutosha, siyo kwa kuogelea, bali kwa kuhesabia maneno ya Mungu kama kokoto. Alipomaliza akamvuta Amrani pembeni, akainama, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Tatu kweli?"

Na nani alimfundisha? Mimi. Nilimkalisha kwenye jiwe nikamwambia: funga kinywa, tuliza moyo, usiachie hata chembe ya pumzi mpaka uone jua usoni. Hewa uliyoichukua juu ndiyo mali yako, ukiiachia hairudi. Alinisikiliza kama anavyosikilizwa imamu. Kuna vitu vichache maishani mwangu nimewahi kufundisha vikaeleweka vizuri vile, na kimoja ndicho hicho.

Baadaye ikaja miaka ile ya kuuana. Sitaiandika, uliiishi mwenyewe ukiwa mgongoni na mkononi mwa mama yako. Nitasema tu kwamba kulikuwa na muda watu wa hapa hawakula samaki wa ziwa, na hakuna aliyeuliza mwenzake sababu. Watoto hawakuteremka tena kwenye mawe. Nilipokuwa nikipita Cyangugu nilikuwa naangalia upande wa mlima.

Halafu, vita ya kwanza ya ng'ambo ilipopoa na ya pili haijaanza, akaja mzungu mmoja mzee, Mbelgiji, Musye Roje. Alikuwa na ndevu za manjano kwa tumbaku na magoti yanayolia akikaa. Mfanyabiashara mmoja alimleta atoe motere, injini za bari lake la kubebea mizigo, lililozama karibu na gati mwaka wa watu kukimbia. Alikuwa na kompresa ya kujazia chupa za hewa, na tiyo yake, mpira wa kupitisha hewa, ilikuwa imepasuka. Watu wakamwelekeza kwangu. Nilimtengenezea, nikaifunga kwa kifungio cha shaba nilichokuwa nimekificha miaka, na akanipenda. Akaniuliza kama namjua kijana yeyote asiyeogopa maji, amfundishe, maana yeye peke yake ameshazeeka. Nikacheka. Nikamwambia, unaniuliza mimi?

Amrani hakujua Kifaransa. Aliacha shule darasa la tano. Mimi nilifika sekondari ya tatu, basi nikawa mdomo wa Musye Roje na sikio la Amrani. Nilijiona mkubwa sana siku ile, nikuambie ukweli. Nilivaa shati la Idi kwenda kukaa juu ya mawe.

Tulikaa kwenye mawe yale yale, Salima. Musye Roje anasema, mimi nageuza. Temea mate kwenye kioo cha miwani, sugua, suuza, hakitashika ukungu. Ukishuka, masikio yatabanwa. Usingoje yaume, shika pua, puliza polepole, mpaka usikie yanafunguka. Mkanda huu wa vyuma vya risasi unakuzamisha, na fungio lake linafunguka kwa mkono mmoja, jifunze kulifungua ukiwa umefumba macho. Usimwache mwenzako, kila wakati jua yuko wapi. Kidole gumba juu maana yake tupande, siyo kwamba mambo ni mazuri. Amrani alicheka sana hapo, akasema wazungu wameharibu hata kidole gumba.

Kisha yule mzee akainua kidole kimoja. Akasema jambo moja, taratibu, halafu akalisema tena, akimtazama Amrani machoni, siyo mimi.

Nilielewa kila neno. Hilo ulijue. Halikunipita, wala halikuwa Kifaransa kigumu. Alikuwa anasema kwamba mtu mwenye chupa mgongoni asibane pumzi kamwe, na hasa akiwa anapanda. Mimi nikamwangalia mdogo wangu. Al-Hamdu Tatu. Nikawaza, huyu babu anataka kutufundisha maji sisi? Ni nani aliyewahi kuingia ziwani akaacha kubana pumzi? Nikaona ni maneno ya watu waliojifunza kuogelea kwenye beseni la hoteli. Na nikaona aibu, mwanangu, aibu ya kumwambia Amrani mbele ya wavuvi waliokuwa wamesimama pale kwamba kile anachokiweza kuliko watu wote wa Kamembe ndicho asikifanye. Nikasema tu, "Anasema upande polepole. Kwa ingine, wewe unajua mambo yako."

Musye Roje akaona maneno yangu mafupi. Akaniuliza, ni yote hiyo? Nikamjibu kwamba Kiswahili ni lugha ya maneno machache.

Akacheka. Mimi pia nikacheka.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za furaha, na sitaki nizifute kwa sababu ya ile ya tatu. Amrani alitoka maji ya kiunoni, akatoa kile kipira mdomoni, akapiga kelele mpaka wafuaji nguo wakageuka: "Kaka! Nilipumua! Niko ndani ya maji na niko napumua! Nasikia pumuzi yangu mu masikio, sawa muntu mwengine ananilala karibu!" Alitusimulia jioni ile mpaka mama yako akaunguza ugali. Jinsi mwanga unavyoshuka vipande vipande. Jinsi samaki wadogo wanavyokuja kukuangalia kama wewe ndiye unayeuzwa. Jinsi kulivyo kimya, na ndani ya kimya hicho ni wewe tu, hewa inaingia, povu linatoka. Tulikuwa tumeshasahau kwamba ziwa lile lina uzuri. Yeye alilirudisha nyumbani. Wewe ulikuwa na miaka kumi na moja, ulilala kwenye mkeka mdomo wazi ukimsikiliza. Unakumbuka? Nadhani karatasi ya Gisenyi ilianza siku ile.

Mimi nami nilijaribu, mara moja. Musye Roje alinifunga ile chupa, nikapiga magoti majini, nikaingiza uso. Ee Mola! Mwili wote unakataa. Kifua kinakwambia wewe mwendawazimu, haya ni maji. Halafu hewa inakuja, kavu, ina ladha ya mpira, na unaivuta ya pili ukidhani ya kwanza ilikuwa bahati. Nilihema kama mbuzi aliyefungwa kamba. Yule mzee alisema nimefanya vizuri sana. Sikumwelewa wakati ule. Mwoga alipumua, na bingwa ndiye aliyekuwa hatarini.

Siku ya tatu walishuka kwenye bari lenyewe. Kina chake kilikuwa kama nguzo mbili za umeme zikisimamishwa moja juu ya nyingine. Mimi nilikuwa kwenye mtumbwi, nimeshika kamba, kazi yangu kuangalia mapovu. Yalikuwa makundi mawili, la mzee na la Amrani, yanachemka pale juu kama maji ya chai. Mimi ni fundi wa pine, maisha yangu yote nimetazama mapovu kwenye pipa hili, na kwenye pipa povu ni habari mbaya. Pale ziwani Musye Roje alinifundisha kinyume: ukiona povu, mtu yuko hai.

Kundi moja likakatika.

Unataka kujua nilifanya nini? Nilitabasamu. Nikajua, huyo ni Amrani, anamwonyesha mzungu. Na mdomo wangu, bila mimi kuutuma, ukaanza: Al-Hamdu lillahi rabbil-alamin. Polepole, kwa mwendo wa mwalimu. Nilikuwa namhesabia, Salima. Nilikuwa mtoto tena, nimekaa juu ya mawe.

Sikumaliza hata moja. Alitoka majini mpaka kifuani, kwa nguvu, akaanguka ubavu. Povu jekundu lilikuwa mdomoni. Alitaka kucheka kama zamani, upande mmoja wa uso ukacheka, wa pili ukabaki. Mkono wake wa kulia ulikuwa unaelea kama si wake. Kumbe huko chini maji yaliingia kwenye miwani, akashtuka, akafanya nilichomfundisha. Alifunga kinywa, akaibana mali yake yote, akapiga miguu kwenda juani.

Nilivyoelezwa baadaye ni hivi, na ninyi mtafundishwa siku ya kwanza. Hewa unayovuta huko chini imesongwa na maji. Ukipanda inatanuka. Kama kinywa ki wazi, inatoka, haina neno. Kama kimefungwa, inatafuta pengine pa kutokea, na ndani ya kifua pengine ni nyama na damu. Musye Roje alinionyesha kwa mfuko wa nailoni. Alishuka nao mtupu, akautia hewa kidogo huko chini, akaufunga, akauachia. Ulinijia unavimba, unavimba, ukapasuka kabla haujafika mkononi mwangu. Mimi! Mtu wa pine! Mtu ninayemwambia kila dereva wa Bugarama asijaze kupita kiasi! Kama kuna mtu Rusizi nzima ambaye angepaswa kuelewa sentensi ile, ni mimi.

Na kabla ya mfuko kulikuwa na neno lingine. Tukiwa bado kwenye mtumbwi, Amrani amelala miguuni mwetu, mzee alinishika kola. "Ulimwambia?" Nikasema ndiyo.

Nikasema ndiyo, Salima.

Siku ya pili mzee akaja lopitali. Watu wa dini zote walikuwa wamejaa pale kitandani, kila mmoja na "ihangane" yake, vumilia, vumilia. Musye Roje akapiga magoti yale mabovu, akamshika Amrani mkono, akasema kwa uchungu: mwanangu, nilikwambia usibane pumzi, mbona ulisahau? Akanitazama nigeuze. Hilo nililigeuza lote. Sikuacha hata neno. Na Amrani akalia kwa jicho moja, akasema, "Nilisahau, kaka. Sikumbuke ata. Umuambie anisamehe."

Anisamehe! Yeye ndiye aliomba msamaha.

Mzee aliondoka, motere zikabaki chini, na haukupita muda vita ya pili ikaanza, kila mtu akawa na msiba wake. Amrani akahamia Bukavu kwa wakwe zake, akajifunza kutengeneza redio kwa mkono wa kushoto. Waliomuuliza aliwajibu ni vita. Watu waliona mguu unaburuzwa, wakatikisa kichwa, hakuna aliyeuliza zaidi. Vita ilibeba mengi miaka ile, ikabeba na langu.

Sasa nije kwako. Unakumbuka kofi. Najua unalikumbuka, maana na mimi nalikumbuka, mkono huu. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Amrani alikuwa amekuja kutusalimu, amekaa kwenye benchi hapo mlangoni. Nilitoka nyuma nikakukuta umezamisha uso ndani ya pipa langu la kupimia pine, na yeye anakusomea Al-Hamdu, anacheka kwa upande wake mmoja. Nilikuvuta kwa nywele, nikakupiga mpaka ukaangukia matairi. Hukuwa umewahi kupigwa na mimi. Ulinitazama, hukulia, ukasema, "Nilifika mbili, Papa." Tangu siku ile nikakukataza ziwa, na tangu siku ile ukawa unaenda kwa siri, na nywele zako zikinuka maji nikajifanya sisikii harufu. Sikukuomba radhi. Nakuomba leo. Halikuwa kofi lako. Lilikuwa langu, nilikosa pa kuliweka.

Wahenga walisema mazoea yana taabu, na mimi nilikuwa nalisema hilo kwa wateja wanaoendesha na pine kipara. Nilidhani ni neno la watu wasiojua. Kutojua hakujamuumiza mtu mimi nikiwepo, maana asiyejua huuliza. Mimi nilijua sana. Nilijua ziwa, nilijua mdogo wangu, nilijua Kifaransa, na kwa kujua kwangu nikamchagulia mtu kipi asikie na kipi asisikie. Huko uendako watakuja walimu wajinga kuliko wewe kwenye maji, watakaokuambia mambo unayoyaona ya kitoto. Sitakwambia ufanyeje. Mimi nimekuonyesha tu nilivyofanya.

Jana nilipokwambia naenda Bukavu kutafuta gundi ya viraka, nilikwenda kwa Amrani. Nilichukua jeton ya kuvukia mpaka, nikavuka daraja la Ruzizi na wamama wa nyanya. Nilimkuta amefungua redio, vipande vyote juu ya gazeti. Nikaketi. Nikamwambia Salima amekubaliwa Gisenyi. Akafurahi, akapiga meza, visikurubu vikaruka. "Mutoto ya Al-Hamdu mbili! Atafika na tatu!" Nikamwambia ngoja. Nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia, na lile la lopitali pia.

Nilitegemea atanipiga na chuma chake cha kuchomelea. Badala yake akaniuliza, kwa sauti ya mtoto, ile ile ya kwenye mawe:

"Basi sikusahau?"

Nikasema, hukusahau. Hukuambiwa.

"Miaka saba," akasema. "Miaka saba, kaka, kila usiku niko natafuta ile neno mu kichwa. Niko najisema, Musye alisema, na miye nilisahau sawa mujinga. Banauliza, nasema ni vita, juu ya kusikia haya. Kumbe haikukuwaka! Kumbe niko natafuta kitu haikuingia!"

Akainuka. Unajua kuinuka kwake kunavyochukua muda. Akanionyesha mlango. "Toka. Toka kwangu, Ramazani." Hajawahi kuniita jina tangu azaliwe. Nikatoka. Maneno yangu yeye alikuwa ameshayashiba. Nilifika barabarani, nikasikia ule mguu unaburuzwa nyuma yangu. Alikuwa ameshika kizingiti, uso umelowa, pande zote mbili.

"Ile mutoto anaenda kesho kutwa?"

Nikasema ndiyo, nikisinya.

"Sinya. Na umuandikie. Umuandikie yote, na ile neno ya Musye." Akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto. "Usiruke ata neno moya."

Kisha akafunga mlango. Sijui kama ataufungua tena kwangu. Wewe utakapopita Bukavu, mpitie, atakufungulia.

Karatasi nimeisinya, mama. Iko nyuma ya ukurasa huu.

Na neno lenyewe ndilo hili, lote, kama lilivyosemwa mara mbili pale juu ya mawe, kidole kikiwa juu. Nilikuwa nimepewa nilifikishe, nimechelewa miaka saba, na sasa nalifikisha kwako:

Usibane pumzi, mwanangu. Hata mara moja. Maji yakiingia kwenye miwani, pumua. Ukishtuka, pumua. Ukiogopa mpaka ukadhani unakufa, pumua. Na ukipanda, panda polepole, usilipite hata povu lako lililo dogo kuliko yote, liache likutangulie juani, na wewe uje nyuma yake, ukipumua.

Papa yako,
Ramazani